Kutazama Malisho Kabla ya Kuhama

Mdogo wangu, nakumbuka wiki nzima niliyolala nikitazama dari, nikijiuliza swali moja: nikiacha kazi hii, na ile nyingine ikafa, nitarudi wapi?

Nilikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Garissa. Mvua zilipokosekana, bei ya mifugo ilianguka, na mfugaji asiyeuza ng'ombe hajengi nyumba. Saruji ikalala stoo. Tajiri hakumfukuza mtu. Alitupunguzia siku za kazi, mshahara nao ukapungua. Wakati huohuo ushirika mmoja wa Balambala, unaolima nyasi kando ya mto na kuwauzia wafugaji, ulinipa nafasi ya kusimamia ghala. Kiangazi kilikuwa kimewaletea wateja wengi. Mimi nikawaza: mvua ikinyesha, nani atanunua nyasi?

Nilimweleza yote mjomba wangu, aliyechunga ngamia hadi magoti yalipomshinda. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Abti," akasema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "umemuuliza nani?"

"Nimefikiria sana."

"Kwa hiyo umeiuliza dari." Akacheka peke yake. "Sisi tukitaka kuhama, tunamtuma sahan atangulie kutazama malisho. Haangalii majani tu. Anawauliza waliokuwa pale mwaka mbaya, walikaa au walikimbia. Wewe unataka kuhama kwa kuota."

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Balambala. Sikuuliza habari za mshahara. Niliwauliza wanaofunga marobota ya nyasi msimu wa mvua uliopita walikula nini.

"Mvua ndiyo wakati wa kukata na kuweka akiba," mama mmoja akanijibu bila kusimamisha mikono. "Malipo hushuka kidogo, lakini hakuna aliyerudishwa nyumbani. Na wewe, umekuja kufanya kazi au kuhoji watu?"

Nilicheka. Sikuwa nimecheka hivyo kwa muda mrefu.

Sasa nawe umemaliza chuo, na hofu zako nazijua. Biashara hupanda na kushuka, na kipato chako kitafuata. Usihame kwa sababu kwingine kumenona leo, wala usibaki kwa sababu umepazoea. Nenda ukawaulize waliovuka msimu mbaya pale, kisha uamue mara moja. Allah akujaalie riziki ya halali na moyo mtulivu.

Mimi nilimuaga tajiri, akaniombea dua, na Jumatatu iliyofuata nilikuwa Balambala nikipokea marobota.