Pini Nne

Nilipopata kazi ya usafi katika jengo moja la ofisi kule Westlands, msimamizi alinipa sare iliyoachwa na mtu mwingine. Kiuno cha ile suruali ya kijani kingetutosha mimi na mdogo wangu pamoja. Nikamwambia nitaipeleka kwa fundi aipunguze.

"Fundi gani, madam?" akacheka. "Hiyo si yako bado. Usiitie sindano. Mwezi wa majaribio ukiisha na tukikuandika, shona hata iwe sketi."

Mwezi huohuo ndio mjomba alikuwa amenipa. Tulipomaliza kumzika mama, alisema nikiandikwa kazi, wadogo zangu wawili watabaki nami Uthiru. Nisipoandikwa, atamchukua kitindamimba akaishi naye kwake, magharibi mwa nchi. Niliacha shule kidato cha pili mama alipougua, kwa hiyo sikuwa na cheti cha kumwonyesha mtu. Nilikuwa na ile suruali tu.

Nilinunua pini za nepi River Road, zile kubwa zenye kofia. Kila asubuhi mdogo wangu wa miaka kumi na mitatu alisimama nyuma yangu, akakunja kitambaa kilichozidi, mkunjo mmoja kila upande wa uti wa mgongo, kisha akapitisha pini kwa ndani, mbili kila mkunjo. Alizilaza. Siku ya kwanza tulizisimamisha, na nilipoinama kudeki moja ikafunguka, ikanichoma. Pindo za miguu tulizibandika kwa selotepu, lakini kufikia saa nne maji yalikuwa yameila gundi, nami nikawa nazikunja upya chooni.

"Usikohoe," mdogo wangu alikuwa akiniambia. "Ukikohoa, Westlands nzima itaona mambo."

Kitindamimba, wa miaka sita, ndiye aliyeshika pini kiganjani na kuzihesabu. Asubuhi nne, jioni nne. Siku moja alichungulia ndani ya kiuno.

"Mbona imetobokatoboka?"

Kulikuwa na vitundu vidogo vyenye kutu, viwili viwili, safu nzima.

"Ni panya," nikasema, maana nilikuwa nimechelewa.

Mwezi ulipoisha, msimamizi aliniita kando ya stoo ya mifagio.

"Unafanya kazi poa. Ongeza mwingine."

"Mwezi mwingine wa majaribio?"

"Si ndiyo hivyo. Mwenye hiyo suruali alimaliza miaka miwili bila kuandikwa, na hakuwahi kulalamika."

"Hakuishona?"

"Angeishonaje?"

Nilienda chooni, nikaigeuza suruali, nikavitazama vile vitundu. Panya gani angetoboa kwa mstari ulionyooka vile? Pini zangu zilikuwa zimepita mlemle, na mimi pia nilikuwa nimeanza kuacha kutu.

Mchana mjomba akapiga simu.

"Wamekuandika?"

"Niko kazini, mjomba."

"Sijauliza hivyo."

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nikasema, "Bado."

Alikuja Jumamosi. Nilimvalisha kitindamimba sweta yangu, kwa sababu ya baridi ya njiani, na kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Mikono ilimfunika vidole. Nikaikunja mara tatu, nikaomba pini, naye akanipa mojamoja kutoka kiganjani kama tulivyozoea. Mbili mkono wa kulia, mbili wa kushoto.

"Nne," akasema.

Mjomba aliishika ile mikunjo, akatikisa kichwa. "Mke wangu ana cherehani. Ataipunguza vizuri."

"Asiishone, mjomba. Tafadhali. Arudi nayo vilevile."

Mjomba alichukua mfuko wa nguo, akamshika mtoto mkono, na pini zikang'aa mpaka walipokata kona.

Jumatatu mdogo wangu alisimama nyuma yangu kama kawaida, mikono mitupu. Nilimwambia atoe kamba kwenye kiatu changu kimoja. Aliipitisha kwenye vitanzi vya suruali, akaivuta, akaifunga mafundo mawili. Hakunitania kuhusu kukohoa. Nikatoka kwenda kazini, kiatu kimoja kikinipwaya kila hatua.