Kile cha Kijani

Mwalimu asiyeona pale Chuo Kikuu cha Kyambogo huizima skrini ya kompyuta yake, maana haina kazi kwake. Anagonga kibodi, mashine inamsomea ukurasa kwa kasi ambayo wenye macho hawaambulii neno, na akikasirika huiongeza. Leo usajili wa mtihani wa wanafunzi wake unafungwa saa kumi, na katika ukurasa mpya hakuna kitufe hata kimoja kilichopewa jina la mashine kulisoma. Akampigia karani wa usajili.

"Mwalimu, bonyeza tu kile cha kijani," karani akasema. "Hata mtoto anakiona."

Mwalimu aliipunguza kasi ya mashine mpaka ikawa inatambaa, akaisogeza simu kwenye spika, akagonga.

"Kitufe," mashine ikasema. "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Haya, ssebo, bwana wangu," akasema mwalimu. "Nichagulie cha kijani."