Kengele Ililia, Marehemu Akaitwa

Saa moja kasoro asubuhi fundi viatu anashuka kwenye baiskeli chini ya kilima. Si kwa kupenda, mapafu yamegoma. Anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kiunoni, na mama muuza mboga hamwachi apite hivihivi.

"Fundi, leo nani kambeba mwenzake?"

"Tunapokezana, mama. Wakati wa kushuka zamu yake."

Juu ya kilima anapanda tena, anapiga kengele mara mbili. Milango mitatu inafunguka kwa pamoja. Watu wanatoka na kadi za kliniki mkononi.

Ana miaka hamsini na minane. Miezi mitano iliyopita hakujua hata kuikalia baiskeli. Miaka thelathini ameshinda kwenye kigoda na sindano yake, jozi nane siku njema, mbili siku mbaya. "Viatu vya watu vimezunguka kote," anasema. "Mwenye kuvishona nimekaa."

Mwendesha baiskeli alikuwa mkewe. Mhudumu wa afya, aliwapelekea dawa za presha na sukari wagonjwa ishirini na mmoja wasioweza kufika kliniki. Miaka kumi na moja. Mara nne aliomba apunguziwe njia, maana kifua kilikuwa kinambana. Wakubwa wakamwambia avumilie. Wakubwa wenyewe hufika kazini kwa gari. Akavumilia mpaka akalazwa, na siku ya tisa akafariki.

Wiki ya pili baada ya mazishi, fundi naye akapimwa presha. Iko juu. Daktari akamwambia auamshe mwili. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaitoa baiskeli chumbani, akaifuta vumbi, akamkokota fundi hadi uwanjani.

"Shemeji, usiangalie tairi. Halikukimbii."

"Nikiangalia mbele naona ukuta!"

"Basi shika breki! Au unangoja barua ya ofisi?"

Siku hiyo alianguka mara sita. Kesho yake goti, keshokutwa mawingu. Kila asubuhi sababu ya kutotoka ilikuwa inamsubiri mlangoni. "Nilisingizia mpaka upepo," anakiri.

Wiki ya saba tangu mazishi, akiwa amejikongoja hadi juu ya kilima kwa mara ya kwanza, kuku alimkatiza njia. Akapiga kengele, ya kumfukuza kuku tu.

Bibi mmoja akatoka mbio, kama fimbo inaweza kukimbia. "Mama Kengele! Mwanangu, umetutupa hivyo?"

Fundi aliganda. Aliishi na mkewe miaka thelathini na moja, na jina hilo hakuwahi kulisikia. Bibi naye aliganda, kwa kuona ndevu juu ya baiskeli ya Mama Kengele.

"Mama, mimi ni mumewe. Mwenzangu alishafariki."

Bibi alijishusha taratibu mpaka akakaa kizingitini. "Amekufa? Mbona hakuna aliyetuambia? Sisi tunakaa tunasikilizia kengele."

"Dawa ziliisha lini?"

"Zangu nilizigawa nusu, kisha robo. Jirani yangu hapo alimaliza zote. Amepooza upande."

Fundi aligeuza baiskeli palepale. Aliingia ofisini jasho likimtiririka, akauliza nani analihudumia eneo la kilimani. Karani akafungua daftari. "Huko hakuna shida, mzee. Wagonjwa wote wametembelewa."

"Na nani?"

Karani akamgeuzia daftari. Lilikuwa jina la mkewe. Kila Jumanne na kila Ijumaa, tiki, wiki saba mfululizo.

"Ijumaa hii mimi nilikuwa makaburini," anasimulia, na kidole chake kinatafuta mstari ule hewani. "Saa nane mchana tulikuwa tunamfukia. Wao wanasema yuko kilimani anagawa dawa."

"Na karani?" anaulizwa.

"Akasema, 'Mzee, mimi najaza ninavyoelekezwa.'"

Mpaka leo hakuna aliyeulizwa. Na wa kumuuliza ni nani? Maiti haombi likizo, hasumbui wakubwa kwa kifua. Mfanyakazi kama huyo wampate wapi tena?

Tangu siku hiyo fundi hajasingizia upepo. Muuguzi wa dirisha la dawa, ambaye anasema aibu ilimnyima usingizi, humfungia dawa na kuandika jina juu ya kila bahasha. Jumanne na Ijumaa, kilomita kumi na tisa, kigoda kikibaki kitupu asubuhi nzima. Halipwi kitu. Presha yake imeshuka.

Wiki iliyopita ilikuja barua. Baiskeli ni mali ya ofisi, irudishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Mhudumu mpya hajaletwa.

"Mtu kufa hawakujua. Baiskeli wameikumbuka!" anafoka shemeji, ambaye ameokota fremu kuukuu na kuisugua kutu. Limebaki gurudumu la nyuma, nalo mama muuza mboga kaahidi la baiskeli ya mwanawe. Kengele itahamia huko. Marehemu aliinunua mwenyewe.

Fundi anataka, kabla mwaka haujaisha, akipande kile kilima bila kushuka. Lakini kwanza atairudisha baiskeli ya ofisi, kwa kuiendesha, mpaka mlangoni kwao.

"Nitawapa chuma chao," anasema. "Wao wachukue lile daftari, waandike mbele yangu kwamba mke wangu amekufa, na tarehe. Mpaka leo bado wamemweka kazini. Miaka kumi na moja inatosha. Wamwache apumzike."