Kayamba za Nicodemo

Nicodemo Qamara alianza kuwasagia watu wa Gendabi mahindi wakati mashine bado ni ya ushirika. Ushirika ulipokufa, mashine ikauzwa kwa mtu wa Katesh, naye akamwacha Nicodemo palepale kwa sababu hakuna mwingine aliyejua tabia za injini ile ya dizeli. Miaka yote alisimama kando yake, kitambaa puani kwa ajili ya vumbi la unga. Masikioni hakuweka kitu. Hakuna aliyeweka.

Alichokipenda kilikuwa kingine. Binti yake Evaline alipopata kazi Babati alimwachia kompyuta yake ya zamani, na Nicodemo akageuza stoo ya mahindi kuwa studio. Magunia yalimeza mwangwi vizuri sana. Alirekodi kwaya ya kigango, na mara moja akina mama wa Kidatoga, majirani waliokuja kusaga, wakakubali kuimba wimbo mmoja huku wakisubiri zamu yao. Ngoma ndizo alizozijali zaidi. Jumapili nzima ingeweza kwisha juu ya ngoma moja, na mke wake Agatha akampelekea chakula hukohuko stoo.

WhatsApp ilipoenea alijiunga na kundi lililoitwa Mafundi wa Chumbani. Walikuwa watu wa Mbulu, Babati na Katesh waliorekodi nyumbani baada ya kazi, wengi wao hawajawahi kuonana. Aliyeongoza utani ni Herman, mwalimu wa Dongobesh, ambaye studio yake ilikuwa kabati la nguo. Mtu akiuliza jambo, Herman alitania kwanza, na jibu lenyewe likaja baadaye, kama lilikuja.

"Ngoma yangu haina uzito," mtu aliandika siku moja.

"Ilishe ugali wa mtama," Herman akajibu.

"Na ikipiga kelele sana?"

"Ifunike blanketi, hiyo ni homa. Ikishindikana weka mwangwi. Mwangwi unasamehe dhambi zote."

Nicodemo aliyapenda maneno hayo. Alimsomea Agatha, naye alitabasamu bila kuelewa vizuri.

Mwaka 2015, Pasaka ikikaribia, aliweka kwenye kundi wimbo mpya wa kwaya na kuuliza kama ngoma imekaa sawa. Herman hakuchelewa.

"Fundi Nico, hizo kayamba umerekodi au umekaanga bisi?"

Mary, fundi cherehani wa Mbulu mjini, akaongeza, "Mimi nimesikiliza na hedifoni, meno yameniuma."

Nicodemo alicheka, akarudi kwenye kompyuta. Alisikiliza upya. Kayamba hakuzisikia kabisa, isipokuwa kitu kama upepo kwa mbali. Akadhani wanamtania kinyume, kwamba maana yao ni kuwa zimefifia. Akaziongeza, akatuma tena.

"Sasa umeongeza mafuta kwenye sufuria," Herman aliandika. "Nenda hospitali ya Haydom wakakuzibue masikio." Chini yake zikafuata nyuso nyingi za kucheka.

Mchana huo Mary alimpigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Herman anatania, lakini kayamba ni kubwa kweli. Zimewafunika waimbaji."

"Mimi hata sizisikii."

"Na wewe unatania?"

"Hapana."

Baada ya simu ile alichukua kayamba yenyewe, iliyokuwa imeegemea gunia, akaitikisa karibu na sikio. Alisikia mbao za fremu zikigongana na vidole vyake. Mbegu za ndani hazikusema kitu. Akahamia sikio la pili. Ikawa hivyohivyo. Aliirudisha mahali pake, akaenda kuwasha mashine, kwa kuwa watu walikuwa wameshapanga foleni na ndoo zao.

Alipanda basi la Haydom wiki iliyofuata, pamoja na wagonjwa. Nyuma yake mama mmoja alikuwa na mtoto aliyelia njia nzima, na Nicodemo alijua analia kwa kumwona tu alipogeuka. Hilo hakulifikiria sana. Alitazama mashamba hadi walipofika.

Hospitalini muuguzi kijana, Hilaria, alimwamkia na kumwingiza kwenye chumba kidogo kilichozibwa sauti. Nicodemo alikitazama kwa makini, jinsi kuta zilivyovikwa sponji, akatamani chake kingekuwa hivyo. Hilaria akamvisha hedifoni na kumpa kitufe.

"Ukisikia mlio, hata mdogo, bonyeza. Usipousikia, kaa tu."

Mlango ukafungwa. Ikaja milio mizito, akabonyeza. Ikaja ya katikati, akabonyeza. Kisha pakawa kimya. Nicodemo alikaa na kidole juu ya kitufe akisubiri sehemu inayofuata ianze. Alidhani mashine imeharibika, au muuguzi ameitwa mahali. Alifikiria kugonga kioo. Ndipo mlango ukafunguliwa.

"Tumemaliza, baba."

"Mbona hamkunichezea iliyobaki?"

"Nimeicheza yote," Hilaria alisema, akivuta kiti akae naye. Alimweleza taratibu, akimtazama usoni. Sauti nyembamba zilikuwa zimeondoka katika masikio yote mawili. Nzito zilikuwa nzima. Akamuuliza kazi yake, na aliposikia ni mashine ya kusaga hakushangaa.

"Zitarudi?"

"Hapana, baba. Tutalinda zilizobaki. Utakuwa unaziba masikio ukiwa kazini."

Nicodemo alimshukuru. Hakuhisi huzuni, wala hasira. Alihisi kama mtu aliyeelezwa habari za jirani. Alinunua maandazi stendi, akala, akapanda basi la kurudi.

Agatha alimsikiliza huku akichambua maharage.

"Wewe ulizisikia kayamba zile?" Nicodemo akamuuliza.

"Zilikuwa zinatoboa kichwa."

"Mbona hukuniambia, Mama Evaline?"

"Nilidhani ndivyo unavyopenda."

Kwenye kundi aliandika kwa kifupi: amekwenda Haydom, sauti nyembamba hasikii tena, ni mashine. Mchana Herman alipiga simu, sauti yake imepoa. Alisema ule ulikuwa utani tu, hakujua.

"Ningejuaje bila huo utani?" Nicodemo akasema. "Endelea tu."

Herman akasema sawa. Lakini kwa siku kadhaa kundi zima lilimwandikia Nicodemo kwa adabu, kama watu walio msibani, naye akaacha kufungua ujumbe.

Wimbo wa Pasaka waliumaliza yeye na mke wake. Agatha alivaa hedifoni na kukaa juu ya gunia. Nicodemo alishusha kayamba kidogokidogo kwenye kompyuta, akimtazama uso.

"Bado," Agatha alisema. "Bado. Hapo. Rudisha kidogo. Hapohapo."

Nicodemo aliweka alama, ingawa kwake hakuna kilichobadilika.

Siku ya sikukuu wimbo ulichezwa kanisani kwa spika. Patriki, mwenyekiti wa kwaya, alikuja kumshika mkono akasema kazi ni safi. Nicodemo alisikia ngoma kubwa vizuri na wanaume vizuri. Wanawake waliimba kama walio nyuma ya mlango. Alisubiri kuona kama jambo hilo litamuumiza. Halikumuuma, angalau siku hiyo.

Akaendelea na mashine, pamba masikioni, wateja wakimpigia kelele mara mbili kabla hajageuka. Wimbo mwingine wa kwaya ulikuwa tayari umerekodiwa. Jumamosi moja alimwita Agatha waje wauchanganye kama ule wa Pasaka.

"Leo siwezi," Agatha alisema mlangoni, jembe begani. "Majani yameshayapita mahindi."

Nicodemo alifunga kompyuta, akatafuta jembe lake, akamfuata shambani.