Mafuta Kabla ya Moshi

Kila kiangazi, watu wanapochoma mashamba kuzunguka Kisangani, moshi unaingia mpaka kwetu Mangobo, na ngozi ya mama inaanza kumwasha. Lakini ana kichwa kigumu: kabla ya kwenda kanisani lazima ajipake mafuta ya kokwa za michikichi mpaka ang'ae. Masizi yanamganda shingoni, anajikuna mpaka anatoka damu.

Muuguzi alishatueleza: avae nguo ya mikono mirefu, akirudi aoge, ndipo ajipake mafuta, akiwa ndani. Jumapili iliyopita nikamfichia chupa, tena nikamfokea: "Mama, mafuta yanakamata moshi! Nikueleze mara ngapi?"

Alitazama miguu yake iliyopauka, kisha akasema taratibu: "Wewe, sikukutoa inje bila mafuta hata siku moja. Leo batu bakiniona hivi, batasema sina mutoto."

Hasira yote ikaniisha. Nikaitoa ile chupa nilikoificha, nikamkalisha mlangoni, nikapiga magoti nikampaka miguu, majirani wote wakiona.

Moshi tungeuosha tukirudi.