Mke Mwenza Aliyelala Gereji

Juzi mjini gari la zamani lilinipita likikohoa, likaacha nyuma harufu ya petroli na ngozi kuukuu. Nikasimama palepale, nikaona wivu. Ndiyo, wivu, na umri wangu huu! Harufu hiyo ndiyo iliyoniibia baba.

Baba alikuwa fundi wa magari, nasi tulikaa Muthangari, Nairobi. Baada ya uhuru, Mzungu mmoja wa Spring Valley akirudi kwao alimwachia gari lililoundwa kabla ya vita vya pili. Jamani, Baba alilipenda! Ukigonga madigadi yake pale juu ya magurudumu, yaliitika ngo! "Hiki ni chuma," alizoea kusema, "si hii mikebe ya siku hizi." Chini lilibebwa na vyuma viwili vinene kama vya reli, na springi zake zilimeza mashimo yote ya barabara yetu. Betri ikifa, Baba alizungusha hendeli pale mbele, nalo likanguruma.

Na mimi je? Asubuhi za baridi ya Julai, maji niliyochemshiwa kuoga yaliishia kwenye rejeta ya gari, eti injini isisumbuke. Nikaoga baridi, meno yakigongana. Jioni Baba alifunika boneti kwa blanketi jekundu ambalo Mama alipewa siku ya harusi. Mama alicheka tu. "Huyu mke mwenza wangu atanimaliza."

Sasa, mtoto akisikia neno hulibeba lilivyo. Jumapili moja mwalimu wetu kanisani aliuliza ni nani ana ombi. Nikasimama kidete.

"Tumwombee Baba amfukuze mke wa pili. Analala gereji, na amechukua blanketi la Mama."

Kesho yake akina mama wa kanisa walifika, vitambaa vichwani, nyuso za matanga. "Pole, Mama Nafula. Tumesikia yaliyokupata." Mama alipoelewa, alicheka hadi akakaa chini. Kisha akawapeleka gereji, ambako Baba alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Ndiye huyu," Mama akasema.

Mmoja wao alilizunguka gari polepole. "Afadhali wako, dada. Huyu hazai."

Walicheka wote isipokuwa mimi. Gari lilibaki, na maji yangu yakaendelea kwenda rejeta. Nilidhani katika nyumba ile mwenye wivu ni mimi peke yangu.

Baba alifariki nikiwa sekondari. Tuliporudi Nairobi kutoka mazishini, nilimtafuta Mama nikamkuta gereji, ameshika lile blanketi jekundu, analitandaza juu ya boneti.

"Nimemwonea huyu wivu miaka yote," akasema, na safari hii hakucheka. "Wivu wa kulia, Nafula. Haya, vuta upande huo. Kuna baridi, na yeye pia amefiwa."

Nikavuta. Kumbe tulikuwa wawili.