Pipa la Maji ya Mashine

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na pumba za mahindi hunipandisha hasira mpaka leo. Ndiyo iliyokuwa harufu ya banda la mashine ya kusaga ya baba mdogo, pale Sumbawanga mjini, miaka ile biashara ilipofunguliwa na wajanja wakaanza kununua mahindi kwa wakulima na kuyauza wanakotaka. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Baba mdogo akaja kwetu Ilemba akamwambia mama, "Shemeji, nipe huyu mtoto nikamsomeshe mjini." Mama alishukuru hadi akalia. Kumbe mwenzetu alikuwa anatafuta wa kubeba maji! Injini ya mashine ile ilipozwa kwa maji ya pipa, na mjazaji wa pipa nikawa mimi, ndoo kwa ndoo kutoka kisimani, kabla ya shule na baada ya shule, upepo wa baridi wa Ufipa ukinipasua midomo. Binti yake Edina, rika langu, tuliyekaa naye darasa moja la saba, alibaki ndani akifanya hesabu. Nikinung'unika, baba mdogo aliwaambia wateja, "Huyu Mungu kamuumba shingo. Kichwa kapewa Edina." Wateja wakacheka, na mimi nikawakariri sura mmoja mmoja.

Mwaka huohuo mwalimu wa sayansi alituchorea seli ubaoni. Alisema mnyama mzima, na mmea mzima, huanza na seli moja tu. Ile moja hugawanyika, na mwanzoni watoto wake wanafanana kama punje za ulezi. Baadaye, kufuatana na mahali kila seli ilipo na ishara inazopata kwa jirani zake, umbo linabadilika lifuate kazi. Ya mzizini inaota kinyweleo cha kufyonzea maji, ya jani inajaa ukijani wa kutengenezea chakula, ya neva inarefuka ipeleke habari. Halafu akachora chembe nyekundu ya damu. Hii, alisema, kazi yake ni kubeba hewa safi mwili mzima, na ili ipate nafasi ya mzigo inatupa hata kiini chake. Kumbe tulianza sawa! Kumbe si Mungu aliyeniumba shingo, ni kule kuwekwa karibu na pipa! Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, je, mbebaji akikataa kubeba?" Darasa likaangua kicheko, Edina akicheka kuliko wote. Mwalimu hakucheka. "Wakigoma wabebaji," alisema, "hata ubongo unazima." Jibu hilo nililiweka.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, tulichaguliwa sote wawili kwenda sekondari. Baba mdogo alitutazama, akaniambia bila hata kupepesa macho, "Atakwenda Edina. Wewe ukienda, pipa nani atajaza?" Sikulia. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio, foleni ya ndoo na magunia imefika barabarani. Nilichukua ndoo yangu nikaenda kisimani, nikaigeuza, nikaikalia. Jua likapanda nimekaa. Kwa mbali niliisikia mashine ikiunguruma, ikaanza kukohoa, kisha ikanyamaza. Injini ilinoki, imeungua kwa kukosa maji. Wacha wee! Sijawahi kusikia ukimya mtamu kama ule. Baba mdogo alinichapa mkanda, akanipakia kwenye lori la mahindi kunirudisha Ilemba, akidhani ananikomoa. Mama aliiona michirizi ya mkanda mgongoni mwangu. Aliuza ulezi wote wa ghalani, nikaenda sekondari.

Siku hizi mashine za mjini zinasaga kwa umeme, hazimtaki mtoto wala pipa. Mimi niko maabara ya hospitali, nachungulia damu za watu. Majuzi Edina alimleta baba mdogo, amekonda, viganja vyeupe. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mwanangu. Nitazamie, nguvu zimeniisha." Nilimpima kwa uangalifu kuliko wagonjwa wote wa siku ile, nisije nikaambiwa nilimwonea. Kwenye darubini chembe nyekundu zilikuwa chache, zimepauka. Nikarudi kumwambia mwenyewe. Ningeweza kusema ana upungufu wa damu, kama ninavyowaambia wengine. Nikamwambia, "Wabebaji wako wamekwisha, baba mdogo." Aliinamisha kichwa. Alielewa, na mimi nilifurahi, sitaki unafiki.

Daktari alitaka ndugu wa kumtolea damu upesi. Nilishampima Edina, damu yake inamfaa baba yake, kama yangu. Hata hivyo Edina alinigeukia mimi, kama zamani. "Dada, jitolee basi. Mimi naogopa sindano."

Nikavuta kile kiti cha wachangia damu, nikakipangusa vizuri, nikamwonyesha.

"Kaa, Edina. Leo beba wewe."